Ukifika Kisumu, Lipime Ziwa Mwenyewe

Shule zikikaribia kufungwa, familia nyingi za mjini huanza kuulizana: safari hii twende wapi? Wanaochagua Kisumu hufanya mambo yale yale kila mwaka. Hula ngege wa kukaangwa kwa ugali, hupiga picha jua likitua, hupanda mashua kutazama viboko, kisha hao, wanarudi Nairobi au Eldoret na hadithi ile ile ya mwaka jana.

Hakuna ubaya katika hayo. Lakini iwapo una kijana nyumbani ambaye hachoki kufungua redio na kuchokoa simu mbovu, nakuletea aina nyingine ya matembezi. Nenda naye Kisumu mkiwa na kitu kidogo mkobani, kisichozidi ukubwa wa kiberiti: kibao cha kielektroniki chenye chipu moja, ambayo mmeitia maagizo yenu wenyewe mezani nyumbani. Kwa kibao hicho mtalipima ziwa.

Mtauliza, ziwa la kupimiwa nini? Basi kumbukeni mwezi wa Novemba 2022. Wafugaji wa samaki wanaotumia vizimba vya nyavu katika maji ya upande wa Kisumu waliamka na kukuta samaki wao wakielea matumbo juu. Mtaji wa watu ulioza kwa siku chache. Wataalamu walitaja upungufu wa oksijeni majini. Msiba wa namna hiyo hauingii kwa kishindo. Huanzia chini, mahali ambapo jicho halifiki, na anayetazama uso wa maji tu huuona mambo yakiwa yamekwisha haribika.

VYOMBO VILIVYOKUJA VIPANDE VIPANDE

Anzeni ziara bandarini. Reli ilipofika hapa mwezi wa Desemba 1901, wakoloni waliuita mji huu Port Florence, lakini jina la wenyeji ndilo lililodumu. Yasemekana Kisumu latokana na neno la Kijaluo linalohusu safari ya kwenda kutafuta chakula na kubadilishana bidhaa. Naam, ni mji wa watu wanaoleta kitu na kuondoka na kingine.

Kabla hata reli haijafika, palikuwa tayari na meli ziwani. Iliitwa William Mackinnon. Iliundwa Uskoti, katika kiwanda cha Bow, McLachlan mjini Paisley, kisha ikafunguliwa na kuletwa Mombasa ikiwa vipande. Kwa kuwa reli ilikuwa bado njiani, vipande vingi vilibebwa na wapagazi vichwani na mabegani, wakivuka nyika na milima, hadi ufuoni. Hapo vikaunganishwa tena, na chombo kikashushwa majini mwaka 1900. Meli Uhuru, ile inayobeba mabehewa ya treni, nayo iliundwa Uskoti na kuunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1966. Ililala kwa miaka mingi, lakini mwaka 2019 ikarudi kuvusha mafuta hadi Port Bell, Uganda.

Mwonyeshe mwanao jambo moja hapo gatini. Chombo kilichobuniwa ng'ambo hakikuwa na faida kwa ziwa hili mpaka mikono ya hapa ilipokishika, ikakifunga parafujo moja moja, na manahodha wa hapa wakajifunza kukielekeza mahali wanapotaka. Chipu iliyo mkobani mwako ina hadithi kama hiyo.

KIBUYE NA NENO "KUFLASHI"

Kutoka bandarini, pandeni bodaboda au tuktuk hadi soko la Kibuye. Mkiweza, fikeni Jumapili, siku ambayo soko hufurika zaidi. Mitumba, omena waliokaushwa, vitanda, masufuria, vyuma vilivyofuliwa, kila kitu kipo. Kisumu haikosi pia mafundi wa simu, wenye meza ndogo, kioo cha kukuzia, brashi ya meno na rundo la simu zilizokufa.

Simameni kidogo kwa fundi mmoja. Simu inayowaka na kuzima, au inayokwama kwenye picha ya kwanza, mara nyingi hatabadilisha chochote ndani yake. Ataiunganisha na kompyuta kwa waya, ataifuta akili yake ya zamani na kuimwagia nyingine. Kazi hiyo huitwa kuflashi. Mwili wa simu ni ule ule, bali maagizo yaliyomo ndiyo yamebadilika.

Programu hiyo ya ndani si kama michezo na vitabu unavyopakia simuni kisha ukavitoa. Ni maagizo ya kwanza kabisa ambayo chipu huyasoma inapopata umeme, na inakaa katika kumbukumbu isiyofutika hata betri ikitolewa. Kila kitu chenye taa ya kuwaka na kitufe cha kubonyeza nyumbani kwako, tangu rimoti hadi taa ya sola, huenda kina chipu yenye maagizo ya namna hiyo. Aliyeyaandika ndiye anayeamua kifaa kitafanya nini. Wewe uliyekinunua huamua tu ni lini ukiwashe.

MEZANI NYUMBANI

Hapa ndipo kijana wako anapoingia kazini, na kazi hii ifanyike kabla ya safari, nyumbani, kwa utulivu.

Chipu ninayoipendekeza inaitwa ESP8266, na ilitengenezwa na kampuni ya Espressif ya Shanghai, China. Ilipoanza kuenea duniani mwaka 2014, iliuzwa kama tarishi tu. Kazi yake ilikuwa kupokea amri kutoka kwa chipu nyingine na kuzirusha hewani kwa Wi-Fi. Lakini wachokozi wa vifaa hivi walipoichunguza waligundua kwamba tarishi huyo ana akili ya kujitosheleza. Mwaka huo huo, kampuni ilipotoa zana za kuiandikia programu, watu majumbani walianza kuifuta programu ya kiwandani na kuitia yao. Aliyekuwa tarishi akawa bwana shamba, mlinzi wa mlango, msoma mita. Chuma hakikuongezwa hata punje.

Nunueni kibao ambacho chipu hii imekwisha kufungwa juu yake pamoja na tundu la USB. Vibao hivyo hupatikana katika maduka ya vifaa vya elektroniki Nairobi, na kwa kawaida bei yake huwa chini ya nauli ya basi la kwenda Kisumu. Ongezeni vipimajoto viwili vya aina ya DS18B20, vile vilivyofungwa ndani ya kifuko cha chuma kisichoingia maji, vyenye waya mrefu. Tafuteni pia rezista moja ya omu 4,700, betri na kopo la plastiki lenye kifuniko cha kukaza.

Vipimajoto hivi vina tabia ya ajabu kidogo. Kila kimoja kilipewa nambari yake kiwandani, isiyofanana na ya kingine, kwa hiyo viwili, vitatu au kumi vinaweza kutumia waya mmoja wa habari bila kukanganyana, mfano wa wanafunzi wanaoitika majina mwalimu anapoita rejista. Waya wa umeme wa vyote uende kwenye tundu la volti 3.3, waya wa ardhi uende ardhini, na waya wa habari uende kwenye mguu mmoja wa kibao, huku rezista ikiunganisha waya wa habari na ule wa umeme.

Sasa washeni kompyuta. Programu ya Arduino, ambayo chimbuko lake ni mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, hupatikana bure na inaweza kuiandikia chipu hii. Hatua ni hizi.

Kwanza, hakikisheni waya wa USB ni wa kupitisha habari. Waya nyingi zinazouzwa barabarani ni za kuchaji tu, nazo zimewapotezea watu jioni nzima wakidhani kibao ni kibovu.

Pili, kabla hamjafuta kitu, hifadhini nakala ya programu iliyotoka na kibao kiwandani. Kuna zana iitwayo esptool inayoisoma yote na kuiweka kwenye faili. Mwenye busara havunji nyumba ya zamani kabla hajajua pa kulala.

Tatu, andikeni maagizo yenu. Yawe machache: kila baada ya sekunde 10, soma kipimajoto cha juu, soma cha chini, toa moja kwa kingine, weka majibu kwenye kumbukumbu. Tofauti ikizidi nyuzi 2, washa taa. Maneno ya amri yamewekwa kwa Kiingereza, hilo halina ujanja. Lakini majina ya vitu mnavyopima mnayachagua wenyewe. Andikeni "juu" na "chini". Mkitaka kuwaheshimu wenye ziwa, andikeni kwa Kijaluo "malo" na "piny". Chipu haijali lugha ya jina, bali usahihi wake.

Nne, flashini. Chipu hii ina mlango maalumu. Mguu wake mmoja ukigusishwa na ardhi wakati inapopata umeme, haianzi kutekeleza programu ya zamani, bali hungoja kupokea mpya. Vibao vyenye tundu la USB kwa kawaida hujifanyia hayo vyenyewe, na vingine vina kitufe kidogo kilichoandikwa FLASH. Bonyezeni kitufe cha kutuma kwenye kompyuta. Kitaa cha buluu kitametameta, asilimia zitapanda kwenye kioo, 10, 40, 80, kisha kimya. Muda wote huo kwa kawaida haufiki dakika mbili.

Na umeme ukikatika katikati? Swali zuri, maana kukatika kwa umeme si jambo geni kwetu. Msiwe na hofu. Ndani ya chipu kuna maagizo machache yaliyochongwa kiwandani ambayo hayafutiki kamwe, na kazi yake ni kufungua ule mlango wa kupokelea. Programu iliyoandikwa nusu haitafanya kazi, lakini chipu haijafa. Umeme ukirudi, anzeni upya.

Hatari ya kweli ni nyingine. Miguu ya chipu hii imezoea volti 3.3, na mkiipa 5 moja kwa moja mnaweza kuiunguza. Tena kuna wanaofungua soketi na swichi za kisasa za ukutani, ambazo nyingine zina chipu hii hii, ili wazibadilishie programu. Kijana asithubutu kukigusa kifaa cha namna hiyo kikiwa kimechomekwa kwenye umeme wa volti 240. Chipu huweza kuandikwa upya mara nyingi, uhai mara moja.

KIPIMO KISIPOPIMWA

Programu ikishaingia, msiiamini bado. Jazeni gilasi vipande vya barafu, ongezeni maji kidogo, koroga, kisha zamisheni vipimajoto vyote viwili. Vinapaswa kusoma karibu na sifuri. Kiwandani viliahidiwa kutokosea zaidi ya nusu nyuzi, kwa hiyo kimoja kinaweza kusema 0.3 na kingine kikasema sifuri kasoro. Andikeni tofauti hiyo, mrudi kwenye programu, muirekebishe, mflashi tena. Hapo ndipo mtoto atakapoona faida ya kuwa na maagizo yake mwenyewe. Kifaa cha dukani kikikosea, kazi yako ni kunung'unika.

Jambo moja la kuwafurahisha wanafunzi: kitabu kinasema maji huchemka kwa nyuzi 100. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kitabu hakikudanganya. Kilisema habari za pwani, nanyi mko ziwani. Kila mahali pana nambari zake, na asiyepima hutumia nambari za wenyewe.

DUNGA ASUBUHI

Ufuo wa Dunga uko mwendo mfupi kusini mwa katikati ya mji. Pana kinamasi cha mafunjo chenye ndege wanaoishi katika mafunjo tu, pana mashua za rangi na akina mama wanaosafisha samaki. Mwaka 2020 ziwa lilipojaa kupita kiasi, maji yaliingia katika majengo ya fuo nyingi za Kenya. Wenyeji wa Dunga hawahitaji kufundishwa kwamba ziwa hubadilika.

Fikeni asubuhi, maana alasiri upepo wa ziwani huelekea nchi kavu na mawimbi huinuka. Wasalimuni wazee wa ufuo kwanza, waelezeni mnachotaka kufanya, waombeni ruhusa na nahodha anayeyajua maji. Mtashangaa jinsi watakavyowapokea. Mvuvi wa omena, anayekesha gizani akiwavuta samaki kwa taa, amepima ziwa hili maisha yake yote kwa ngozi na pua. Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha, mkubwa kwa mdogo, hata kama maji yametulia kama yaliyo sahanini. Na kiboko mwacheni na nyumba yake.

Mkiwa mbali kidogo na ufuo, fungeni kipimajoto kimoja kwenye kamba karibu na uso wa maji, kingine kwenye kamba hiyo hiyo mita 3 au 4 chini, pamoja na jiwe la kukizamisha. Kibao na betri vikae ndani ya kopo, mashuani. Ngojeni dakika chache. Kibao kitatoa Wi-Fi yake chenyewe kama mmekiagiza hivyo, na simu itazisoma nambari bila intaneti wala bando.

Siku ya jua kali na upepo mdogo, mtaona maji ya juu yakipata joto kuliko ya chini, na kadiri saa zinavyosonga tofauti huongezeka. Maji ya moto ni mepesi. Hukaa juu kama mafuta kwenye mchuzi, yakayafunika ya chini yasipate hewa. Huko chini, takataka zinapooza hula oksijeni iliyopo. Upepo mkali ukija kuyakoroga, maji yale yasiyo na hewa hupanda, na samaki aliyefungwa kizimbani hana pa kukimbilia. Samaki wa ziwani huru huogelea akaenda zake.

Nisieleweke vibaya. Kipimajoto hakipimi oksijeni. Kipo kifaa cha kuipima, nacho ni ghali mara nyingi zaidi ya vyote nilivyotaja. Wala vipimo vya asubuhi moja haviwi utabiri. Lakini tofauti ya joto kati ya juu na chini ni dalili ya kwamba maji yamejipanga tabaka tabaka, na dalili iliyoandikwa kila siku kwa mwaka mzima huanza kusema. Mfugaji anayejua kwamba tabaka limekaa wiki nzima anaweza kupunguza chakula cha samaki, kwani mabaki ya chakula nayo huoza na kula oksijeni. Anaweza pia kuvuna mapema wale waliokomaa. Ni tofauti ya kupoteza kidogo na kupoteza kila kitu.

NANI AMUANDIKIE NANI?

Ziwa hili lina ukubwa wa kilomita mraba 68,800 hivi, na sehemu ya Kenya ni asilimia 6 tu. Ni kipande kidogo, tena Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi, kwa hiyo joto, matope na gugu-maji huiathiri haraka. Wataalamu wapo. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ina kituo Kisumu. Chuo Kikuu cha Maseno hakiko mbali, na kule Bondo kuna Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga. Hata hivyo mtaalamu hawezi kulala katika kila kizimba. Anayelala karibu na kizimba ni mwenye kizimba, na watoto wake wanasoma shule za huko huko ufuoni.

Hebu wazia shule kumi kati ya Kisumu, Kendu Bay, Mbita na Usenge, kila moja ikiwa na kopo moja linaloelea na daftari moja la nambari. Wanafunzi wakihitilafiana kuhusu tabia ya maji, hawatauliza nani ana sauti kubwa, watafungua daftari. Na programu ikihitaji kubadilishwa kwa sababu ya msimu wa mvua au kina cha mahali pao, hawatangoja barua kutoka kiwandani. Wataifuta jioni, waiandike upya, na asubuhi kopo litarudi majini.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa muda mrefu vyombo vimekuja kwenye ufuo huu vikiwa vipande, na wenyeji wakaviunganisha. Chipu hii ni kipande kingine kilichokuja. Basi likizo ijayo, mzazi, kabla hujalipia chumba cha hoteli, mpe kijana meza, waya, na jioni mbili za utulivu. Na mkifika Dunga, mwacheni yeye aishike kamba. Samaki mtamla baadaye, akiwa bado moto.